Bastola Iliyokataa Kulia

Nyie mliomwacha Fundi wiki jana ameshika kalamu, na mtutu wa bastola unamtazama kifuani, shusheni pumzi. Bastola ile haikuwa na kitu.

Angalau ndivyo Meneja alivyoamini.

Alikuwa amechomoa magazini, kile kikasha cha risasi cha kwenye kitako, mbele ya macho ya Fundi, akaiweka mezani pembeni ya barua, taratibu, kama mtu anayemwandalia mgeni sahani. Kisha akanyoosha mkono.

"Unaona ilivyo nyepesi? Hii ndiyo ya kisasa. Risasi kumi na tano! Na wewe unataka walinzi wangu waendelee kubeba makopo ya enzi za babu zao. Tia saini, Fundi."

Fundi hakumtazama usoni. Alitazama kidole chake. Kidole kilikuwa kwenye triga.

Akaiachia kalamu. Mkono wa kushoto ukausukuma mtutu ukatazama ukuta, wa kulia ukamnyang'anya Meneja bastola, na kabla mwanamume yule hajafunga mdomo, Fundi akaikoki mara moja kwa nguvu.

Kitu kikaruka. Kikadunda mezani, kikabingirika juu ya barua, kikatulia kwenye mstari wa saini.

Risasi.

Meneja aliitazama kana kwamba ni nge.

"Lakini... magazini nimetoa!"

"Magazini umetoa. Ile iliyokuwa imeshapanda mtutuni hukuitoa. Hawa mabwana harusi wako ndivyo wanavyoua watu sebuleni kwao. Unamvua koti, unadhani umemvua na kisu."

Bwana harusi ndilo jina walinzi walilozipa bastola mpya, hizi za magazini zinazoitwa nusu otomatiki, kwa jinsi zilivyokuja zinang'aa. Revolva za zamani, zenye silinda inayozunguka na matundu sita, waliziita bibi. Bibi mzito, bibi hana haraka, lakini ukimwamsha hata usingizini anajibu.

"Ungeshika bibi," Fundi alisema, "ungefungua silinda ukaona kwa macho yako, tundu hili lina kitu, tundu hili halina. Kaa chini kabla hujaanguka."

Meneja akakaa. Alitoa leso akajifuta shingo.

"Hili libaki humu ndani, Fundi."

"Chana barua, libaki."

"Sichani."

Kwa aliyeingia leo katika kisa hiki, barua ilikuwa na mambo mawili tu. La kwanza, kwamba Fundi, mtunza ghala la silaha wa kampuni hii ya ulinzi kwa miaka kumi na sita, ameikagua bastola aliyokuwa nayo mlinzi wa ghala la dawa siku ya uvamizi na kuikuta nzima. La pili, kwamba kuanzia kesho walinzi wote wa mageti, watu sitini, wapewe bastola mpya, na revolva zote zikayeyushwe.

Mlinzi mwenyewe wa ghala la dawa alikuwa shemeji yake Fundi, mume wa mdogo wake. Alhamisi, saa nane mchana, watu watatu waliingia getini kwake kwa miguu. Alichomoa bastola yake mpya, aliyopewa miezi miwili nyuma kabla ya walinzi wengine wa mageti, akavuta triga mara tatu. Haikulia. Walimvunja mkono kwa nondo, wakapakia makatoni ya dawa, wakaondoka bila haraka.

Sasa Meneja anasema hakuvuta. Ama aliogopa, ama alikuwa pamoja nao.

"Bastola yake iko wapi?" Fundi aliuliza. "Niikague kwanza."

"Iko mahali salama."

"Basi sijakagua. Na ambacho sijakagua sikitii saini."

"Saa nne wateja watakuwa uwanja wa shabaha. Ikifika saa nne barua hii haina jina lako, acha funguo mezani uende zako!"

"Funguo nilipewa na Mwenyekiti. Akizitaka, atanyoosha mkono wake mwenyewe." Fundi alichukua magazini, akachukua risasi, akaitia mfukoni mwa aproni. "Na hii nairudisha ghalani. Wewe hujafuzu kuishika."

Akatoka. Mlango hakuubamiza. Aliuacha wazi, makarani wote wakamwona bosi wao anavyojipepea kwa barua.

* * *

Mlangoni pa ghala alimkuta mdogo wake amesimama. Macho mekundu, kanga imekaa upande, na harufu ya dawa za hospitali imemganda.

"Dada," alisema, hata salamu hakutoa. "Tia saini."

Fundi alifungua kufuli mbili, akamwingiza, akamvutia sanduku la mbao akae. Mdogo wake hakukaa.

"Meneja alikuja wodini jana. Amesema mume wangu akikubali kwamba aliogopa, atafukuzwa kazi tu, yaishe. Akikataa, alasiri ya leo polisi wanamchukua kitandani. Mshirika wa majambazi! Woga si kosa la kufungwa, dada. Huo ndio ukweli. Mtu anaruhusiwa kuogopa."

"Na yeye anasemaje?"

"Amekubali."

"Kwa mdomo wake?"

"Kwa kichwa. Alikiinamisha, akageukia ukutani. Tangu hapo hajaongea na mimi."

Fundi aliiweka bastola mezani. Shemeji yake alikuwa mtu wa maneno mengi, mtu wa kusimulia mpira dakika kwa dakika hata kwa mtu aliyeuona.

"Alivuta mara ngapi?"

"Usianze."

"Nakuuliza, mama. Mara ngapi?"

"Tatu. Alinionyesha kwa kidole cha mkono mzima. Hivi, hivi, hivi."

"Mtu aliyevuta mara tatu hakuogopa, wala hakuuza geti. Nikiandika bastola ni nzima, nimeandika yeye ni mwongo. Heri lawama kuliko fedheha."

"Lawama utabeba wewe. Fedheha ataibeba nani?" Mdogo wake sasa alikuwa anapiga kelele. "Baba mwoga aliye nyumbani ni bora kuliko shujaa aliye jela! Wewe huna mume wa kupoteza, ndiyo maana unaweza kusimama wima hivyo!"

Neno lile lilimpata Fundi palepale lilipokusudiwa. Alishika ukingo wa meza.

"Kweli, sina," alisema hatimaye. "Nina shemeji mmoja tu. Ndiyo maana sitampoteza."

"Wakimfunga, usikanyage kwangu."

Akaondoka bila kugeuka nyuma.

Fundi alitazama saa ya ukutani. Saa tatu na robo. Mtu mwingine angelia. Yeye alivuta mkokoteni mdogo wa magurudumu, akapakia juu yake kisanduku cha revolva, kisanduku cha bastola mpya, na kopo la risasi. Kisha akatoa kwenye droo risasi chache za mazoezi, zile ambazo hazina baruti ndani. Ukizigonga hazisemi kitu.

Walinzi huziita bubu.

* * *

Uwanja wa shabaha ulikuwa nyuma ya jengo. Ukuta wa viroba vya mchanga, turubai la kivuli, viti vya plastiki. Wateja saba walikuwa wamekaa na chupa zao za maji. Mbele kabisa, mkoba mapajani, alikaa Mwenyekiti, mjane wa mwanzilishi wa kampuni, mwanamke mfupi asiyependa hotuba.

Na Meneja alikuwa katikati ya hotuba.

"...zama mpya za ulinzi! Kuanzia kesho, kila geti lenu..."

Gurudumu la mkokoteni lilikuwa likilia kwii, kwii, kwii. Kila mtu akageuka.

"Fundi, umefukuzwa!" Meneja alibwata.

"Na nani?" Mwenyekiti aliuliza.

Meneja aliikunja karatasi ya hotuba yake.

"Shikamoo, Mwenyekiti," Fundi alisema. "Naomba dakika kumi na walinzi wawili. Baada ya hapo, ukitaka funguo, hizi hapa."

"Marahaba. Dakika tano."

"Nitakimbia."

Aliwaita wawili. Wa kwanza Sajini, mwanajeshi wa zamani, kiongozi wa kikosi kinachosindikiza magari ya fedha, mtu mwenye mikono myepesi kama ya kinyozi. Wa pili Mama Geti, mwenye miaka hamsini na miwili, anayekaa geti la mbele na kumjua kila mgeni kwa viatu vyake. Mara ya mwisho Mama Geti kufyatua risasi ilikuwa miezi minane iliyopita.

"Nitawapa silaha mbilimbili," Fundi aliwaambia wateja. "Ndani ya kila moja huenda kuna risasi bubu. Hawajui iko wapi. Jambazi naye hatawaambia."

Sajini akaanza na bastola mpya. Zikalia tano, mfululizo. Ya sita, *ka*. Bubu! Lakini mikono yake iliona kabla ya macho. Akagonga kitako, akakoki, bubu likaangukia mchangani, na ya saba ikalia. Sekunde moja, au moja na nusu.

Wateja wakapiga makofi. Meneja akatabasamu hadi magego. "Mnaona wenyewe!"

"Tunaona," Fundi alisema. "Sasa revolva, Sajini. Piga zote, ujaze, upige tena."

Sita zikalia, moja baada ya nyingine, mkono wake ukiyumba kidogo kila mara kwa uzito wa triga. Kisha akafungua silinda, akamwaga maganda, akaanza kujaza. Moja. Nyingine. Fundi alihesabu kwa sauti hadi kumi na moja ndipo ya saba ilipolia.

"Gari la fedha huvamiwa na watu wanne, na wote wana haraka," alisema. "Sekunde kumi na moja ni mazishi. Sajini na kikosi chake wabaki na bwana harusi. Wanafanya mazoezi kila wiki, wanasafisha kila jioni. Hapo sibishani na Meneja hata kidogo."

Meneja aligutuka. Hakutarajia kukubaliwa.

"Mama Geti. Bastola mpya."

Mama Geti aliishika kwa mikono miwili kama anayebeba sufuria ya moto. Ya kwanza ikalia. Ya pili ikalia. Ya tatu, *ka*.

Akavuta tena. Triga ililegea kama jino bovu. Akavuta tena. Kimya. Akaigeuza, akaitazama ubavuni, kisha akageuka mwili mzima, na bastola yake, akawaelekea wateja.

"Fundi, hii imekufa?"

Viti saba vya plastiki vililala chini pamoja na wenyewe. Meneja ndiye aliyewahi kufika chini. Mwenyekiti peke yake alibaki amekaa, akakumbatia mkoba wake.

Fundi alikuwa ameshaudaka mkono wa Mama Geti na kuuinua juu.

"Inukeni. Nyuma ya ile bubu sikuweka kitu. Mimi si Meneja."

Meneja akatazama pembeni. Hao wawili tu ndio waliojua maana ya neno lile.

"Sasa bibi, mama. Piga tatu."

Ikalia. *Ka*. Ikalia. Ikalia. Mama Geti akashusha mkono.

"Bubu lilikuwa wapi?" mteja mmoja, mama mwenye kiwanda cha magodoro, aliuliza huku anajipangusa vumbi gotini.

"La pili," Fundi alisema. "Alivuta tena tu, silinda ikazunguka, ikaleta nyingine."

"Mimi nilisikia imekohoa," Mama Geti alisema, na hata waliokuwa bado wanatetemeka wakacheka.

Mama wa magodoro hakucheka. "Kwa hiyo ya zamani ndiyo nzuri?"

"Hapana, mama. Revolva ina risasi sita basi, triga yake nzito, kuijaza umeona mwenyewe. Swali ni nani ameishika na anafanya kazi gani. Anayefyatua kila wiki mpe bwana harusi, atamnyoosha. Mlinzi wako wa getini anafyatua mara moja kwa mwaka. Siku akivamiwa atakuwa anatetemeka, na wewe unampa kitu kinachotaka akumbuke mambo matano. Mpe kinachotaka jambo moja. Avute."

"Basi wafundishwe!" Meneja alikuwa amesimama, suruali imejaa mchanga. "Tatizo ni mafunzo, si bastola!"

"Umesema kweli!" Fundi alimgeukia. "Nipe siku moja kila wiki na risasi za kutosha, hizo bastola nitazigawa mwenyewe huku naimba. Mwaka huu umewaleta hapa mara ngapi?"

Meneja alitazama turubai.

"Mara moja," Mama Geti alisema. "Tena tulipigwa picha tu."

Mwenyekiti akanyoosha mkono. Fundi alidhani anataka funguo, akaanza kuzitoa.

"Siyo wewe. Wewe, Meneja. Lete hiyo barua."

Aliichana mara mbili, akampa vipande vyake.

"Mageti yanabaki na revolva mpaka walinzi wafunzwe. Nani ana swali?"

* * *

Lau kisa chetu kingeishia hapo, Fundi angeenda nyumbani kwa mdogo wake akala kwa amani. Lakini aliyebanwa ukutani hung'ata, na Meneja alikuwa na jino moja limebaki.

"Mimi nina swali," alisema. "Mlinzi wa ghala la dawa. Mwenyekiti, unajua ni nani? Ni shemeji yake huyu! Mchezo wote huu wa bubu na bibi ni wa kumwokoa ndugu yake. Anasema bastola ilikwama. Haya." Akainama, akafungua begi lake. "Bastola yenyewe hii hapa. Namba ipo kwenye daftari, yeyote aisome. Sajini! Ipige."

Siku tano alikuwa akiitafuta, leo ndiyo anaiona.

Sajini aliijaza. Akasimama. Akafyatua.

Zilikwenda zote kumi na tano. Hakuna *ka*. Hakuna kikohozi. Maganda yalimwagika miguuni mwake, moshi ukapanda, na wateja wakamgeukia Fundi na macho ya watu waliodanganywa.

"Nzima," Meneja alisema taratibu, akilionja neno. "Kama mpya."

Neno lile la mwisho ndilo lililomzindua Fundi.

Alitandika kitambaa juu ya mkokoteni, akaichukua ile bastola, akaifungua vipande mbele yao. Kila kipande kilikuwa na vumbi la miezi miwili ya getini, weusi, mafuta yaliyokauka. Mpaka alipofika kwenye pini, ile sindano ya chuma inayoigonga risasi ikalia.

Pini iling'aa kama pete ya dukani.

"Hii haijakaa humu hata wiki moja," alisema. "Mtu ameibadilisha. Baada ya uvamizi."

Macho yote yakamhamia Meneja.

"Siyo mimi! Ilikuwa kwenye droo yangu tu! Hata sijui hiyo pini inakaa wapi!"

Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, Fundi alimwamini. Mtu asiyejua kutoa risasi angejuaje kutoa pini?

"Acheni kumtazama huyo," sauti ilisema. "Nimeibadilisha mimi."

Ilikuwa sauti ya Mwenyekiti.

Alifungua mkoba, akatoa leso iliyokunjwa mara nne. "Mimi na marehemu mume wangu tulianza na meza moja na revolva nne. Nani mlidhani alikuwa anazifungua na kuzisafisha? Yeye alikuwa na macho mabovu. Ijumaa Meneja alipotoka kwenda kula, niliitoa bastola drooni mwake, nikaifungua. Nilitaka kujua kama mlinzi wangu ni mwongo. Si mwongo. Angevuta mpaka leo, isingelia."

Akaifunua leso. Ndani mlikuwa na pini ya zamani. Ncha yake haikuwepo.

Fundi aliishika kwa vidole viwili. "Haikuvunjika," alisema polepole. "Imekatwa kwa tupa."

"Tupa ndogo, nyembamba. Katika kampuni nzima tupa za namna hiyo ziko wapi?"

"Ghalani kwangu."

"Na funguo za ghala?"

"Ninazo mimi."

Hapo hata mama wa magodoro aliacha kujipangusa. Meneja alianza kutabasamu, akaona aibu, akaacha.

"Siku nne nimekaa na leso hii," Mwenyekiti alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Miaka kumi na sita, Fundi. Sikutaka niwe mimi wa kukutaja."

Nyie wasomaji mngefanya nini? Mngepiga magoti? Mngeapa kwa marehemu?

Fundi alitoa funguo zake, akaziweka kwenye mapaja ya Mwenyekiti, juu ya mkoba.

"Nitaje," alisema. "Nitaje sasa hivi, mbele ya wateja wako, na polisi waitwe saa hii, wasingoje alasiri. Lakini kwanza piga simu hospitali. Shemeji yangu amelala siku tano anatazama ukuta. Anaitwa mwoga, anaitwa mwizi, mdogo wangu amenifukuza kwake, na wewe ukweli ulikuwa nao kwenye mkoba! Usinilinde, Mwenyekiti. Sikukuomba. Mlinde aliyevunjwa mkono kwenye geti lako."

Hakuna aliyewahi kusema na Mwenyekiti hivyo. Mwanamke yule mfupi aliinamisha macho. Kisha akatoa simu, akapiga, na wote wakamsikia akimwambia muuguzi wa zamu, neno kwa neno: "Mwambie mlinzi wangu kwamba silaha yake iliharibiwa makusudi. Mwambie alifanya kazi yake. Na mke wake akiwa hapo, mwambie na yeye."

Fundi alifumba macho kidogo. Alipoyafumbua yalikuwa na maji, lakini sauti ilikuwa kavu.

"Na mimi nilikosea," alisema. "Nilidhani imekwama, kumbe ilikatwa ulimi. Bibi naye akikatwa ulimi haongei."

Akaiinua ile pini kwenye mwanga, aitazame vizuri.

Na hapo akaona.

Mtu wa kawaida akikata chuma kwa tupa huacha makovu, ncha inakwaruza kama ulimi wa paka. Pini hii haikukwaruza. Aliyeikata alirudi juu yake na msasa laini, akazungushia ukingo mpaka ukawa laini kama ukucha. Kwa nini? Kazi ya hujuma haihitaji urembo. Labda mkono ulikwenda wenyewe, kwa mazoea. Mkono uliofundishwa kwamba kazi haijaisha mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa.

Fundi aliyajua maneno hayo. Yalikuwa yake. Katika miaka kumi na sita aliyafundisha kwa mtu mmoja tu, aliyekaa kwenye benchi lake miaka miwili mizima kabla hajapewa kikosi cha magari ya fedha. Mtu ambaye kila jioni bado huingia ghalani, zinakolala silaha zote, kusafisha za wenzake, wakati Fundi akipanga rafu za nyuma.

Hakupaza sauti.

"Sajini," alisema. "Hii umeimalizia na msasa."

"Msasa gani?" mama wa magodoro aliuliza.

Sajini alikuwa amesimama hatua nne nyuma ya kiti cha Mwenyekiti. Ile bastola ya uvamizi ilikuwa vipande kwenye mkokoteni. Sasa alishika ya kwake, ya kazini, na hakuna aliyeona ilipotoka kwenye mkoba wake wa kiunoni. Magazini ilikuwa ndani. Mtutu ulikuwa unapanda bila haraka.

Mama Geti ndiye aliyeelewa wa kwanza. Akaweka mkono mdomoni.

"Usisogee, Fundi," Sajini alisema kwa upole, karibu kwa heshima. "Hii uliipaka mafuta wewe mwenyewe asubuhi ya leo. Unajua haitakwama."

Fundi alijua.

Akapiga hatua mbele, ya pili, ya tatu, akapita kando ya kiti na kusimama wima kati ya mtutu na mgongo wa Mwenyekiti.